Njahi Zilizoitwa Maua

Kuna watu ambao hawawezi kumwona mwenzao ameketi bila kutaka kumfundisha namna ya kuketi. Memsabu wa Bwana Shauri, mke wa mzungu aliyetawala wilaya yetu, alikuwa mmoja wao. Mumewe ndiye aliyetutoa kwenye mashamba yetu wakati wa Hali ya Hatari, akachoma nyumba tulizoacha, akatubana katika kijiji kimoja upande wa chini wa mji wa Embu, mlango kwa mlango, na lango moja lenye askari. Kisha akatuchimbisha handaki kuzunguka kijiji hicho hicho, eti la kutulinda. Mume alitutia jembe mkononi siku sita za wiki, na ya saba pia baada ya ibada, halafu mke akaja nyuma yake na kofia ya ukindu kutufundisha kupumzika.

Nasema kutufundisha, na sikosei. Alikusanya wanawake uwanjani akatuambia kwamba nyumba isiyo na bustani ya maua ni nyumba isiyo na furaha, na kwamba mwanamke mstaarabu hutenga siku moja mwisho wa wiki akakaa nje kwenye bustani yake, akatazama maua, akapumzisha moyo. Tulikuwa tumesimama hapo na udongo wa handaki bado kwenye miguu. Hedimani wetu, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, alikuwa akitafsiri huku akiitikia kwa kichwa kila neno, mtu ambaye mkewe mwenyewe hakuwahi kukaa nje isipokuwa akichambua maharagwe. Nilimdharau siku ile na sijaacha.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini hivi. Mume wangu alikuwa akikaa mbali huko Timau, kibarua kwenye mashamba ya ngano ya mzungu, akiruhusiwa kuja nyumbani mara mbili kwa mwaka, na alipokuja alilala, akala, akarudi. Nilikaa na mama mkwe wangu, mwanamke mkavu aliyezaa watoto saba na asiyepoteza maneno. Mimba yangu ya kwanza ilitoka nikiwa ndani ya handaki, ikiwa ya miezi minne, saa tano asubuhi. Nilipomwambia askari wa kijiji kwamba navuja damu, aliniambia nimalize kwanza kipande changu. Mtu huyo baadaye alikuja kuwa mzee wa kanisa, na alipokuwa akisoma Biblia mbele yetu nilikuwa nikitazama dirishani.

Kwa hiyo nilipobeba mimba ya pili nilikuwa na shughuli moja tu duniani, mtoto huyu asianguke. Nilimwendea hedimani kuomba nitolewe kwenye handaki. Alinitazama tumbo kana kwamba nimelificha chini ya nguo kumdanganya.

"Mimba si ugonjwa," alisema. "Hata ng'ombe anabeba na anatembea."

Basi nikaendelea kuchimba, na nyumbani nikaendelea kujiandaa kwa njia niliyoijua. Kwetu, mwanamke akizaa hupewa njahi, zile punje nyeusi zenye mstari mweupe, zikichemshwa mpaka zilainike na kupondwa na ndizi. Njahi ndizo huleta maziwa. Hakuna aliyehitaji daktari kumwambia. Wanawake wa jirani nao huja, kila mmoja na alichonacho, huyu kuni, huyu uji, huyu kibakuli cha njahi, na mzazi hula mpaka atoke jasho. Lakini kijijini tulikuwa tumefungiwa, mashambani tuliruhusiwa saa mbili tu kwa siku tukilindwa, na ghala zetu ziliungua pamoja na nyumba. Mama mkwe alikuwa ameokoa konzi mbili za mbegu za njahi katika fundo la leso. Mvua za mwezi wa kumi zilipoanza nilizipanda mlangoni petu, nikazisimikia vijiti zipande. Nilihesabu miezi kwa vidole: zingekauka na kuwa tayari wakati ule ule nitakapojifungua.

Wakati huo huo hedimani alikuwa akipita nyumba hadi nyumba kugawa miche ya maua iliyotoka kwenye bustani ya memsabu. Bustani hiyo niliiona siku moja tulipopelekwa mjini kufyeka nyasi. Ilikuwa na majani yaliyokatwa sawasawa, na waridi, na wafungwa wawili wakimwagilia kwa makopo. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti cha turubai chini ya mwavuli, na birika la chai kando, amefumba macho. Nilimtazama nikajiuliza amechoshwa na nini.

Sisi hatukuwa na wafungwa. Maji tulichota mtoni mara moja kwa siku, kwa foleni, na bunduki nyuma yetu. Nani angemwaga maji hayo kwenye kitu kisichoingia chunguni? Miche ya memsabu ilikauka wiki ya kwanza, na ile iliyobaki ililiwa na mbuzi wa hedimani mwenyewe. Jirani yangu, mjane aliyekaa ukuta kwa ukuta na mimi, alipanda vitunguu mahali pa maua. Hedimani aliving'oa akavipeleka kwake. Mwezi wa kwanza ulipofika, jua kali na vumbi kila mahali, kijiji kizima kilikuwa chekundu kama tofali, isipokuwa mlangoni petu. Njahi hazijali kiangazi. Zilikuwa zimepanda mpaka kwenye ukingo wa paa, na zimechanua zambarau kuanzia chini hadi juu.

Memsabu alikuja kukagua Jumamosi moja. Hedimani alimpitisha mstari hadi mstari, na kwenye kila mlango kulikuwa na shimo kavu na mwanamke anayetazama chini. Waliponifikia hedimani alikuwa analowa jasho. Memsabu akasimama mbele ya njahi zangu akashika kifua.

"Hii maua gani?" aliuliza.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji amtazame vizuri hedimani. Mtu huyu alizaliwa Embu. Mama yake alikula njahi ili yeye anyonye. Mkewe alizila kwa kila mtoto aliyemzaa. Alizitazama, akanitazama mimi, na akamjibu mzungu bila kupepesa macho.

"Hiyo ni maua ya kienyeji, memsabu. Mimi niliambia yeye apande."

Nami je? Mimi ningeweza kusema ni chakula. Neno moja tu, na Kiswahili cha kutosha nilikuwa nacho, nimesoma misheni mpaka darasa la nne. Nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu niliona kicheko kinanijia tumboni, na kwa sababu nilijiona mjanja. Nilifikiri nitakula njahi zangu na sifa za maua nizipate pia. Werevu wa namna hiyo nimeuona kwa watu wengi wa kwetu enzi zile, kumwacha mzungu akosee huku tukichekana kwa pembeni, na kisha kosa lake linageuka amri na kicheko kinakatika.

Memsabu alifurahi sana. Alisema nimeshinda vijiji vyote. Zawadi yangu ilikuwa kwamba kuanzia kesho yake, kila Jumapili, sitakwenda handakini. Nitakaa nyumbani, mlangoni, kwenye bustani yangu, nipumzike, ili wageni watakaoletwa waone jinsi wanawake wa vijiji wanavyoishi. Hata kiti chake cha turubai aliniletea. Niliposikia hivyo nilishika tumbo langu kwa mikono miwili. Siku moja nzima kila wiki bila sururu! Wakati ule ningeupigia magoti hata mti.

Kisha akainama, akaona maganda machanga ya njahi, ya kijani, yakianza kuning'inia mahali maua yalipopukutika. Akalishika ganda moja kwa kucha akalikata.

"Hii mbaya," aliniambia. "Kama hii nakaa, maua nakufa. Wewe ondoa hii yote. Kila Jumamosi. Halafu maua nakuja mingi, mingi sana. Wewe nasikia?"

Nilimtazama hedimani. Nilimwomba kwa macho. Sasa ndiyo ilikuwa zamu yake kusema ni chakula.

"Yeye amesikia, memsabu," alisema hedimani.

Baada ya gari lao kuondoka alirudi peke yake akanieleza kwa Kiembu, taratibu, kama mtu anayenifanyia hisani. Kila Jumamosi jioni atakuja kuona maganda yaliyokatwa. Akikuta ganda limeachwa, Jumapili nitachimba kama wengine, na atamwambia memsabu kwamba nimeharibu maua kwa makusudi. Nikamwambia anajua kabisa hizi ni njahi na anajua ninazingojea kwa nini.

"Ungesema ulipoulizwa," alinijibu.

Alikuwa sahihi, na sijamsamehe kwa hilo pia.

Mama mkwe alinisikiliza nikimsimulia, akamaliza kumenya ndizi zake, ndipo akasema, "Nimezaa watoto saba, na kila mmoja nilimlia njahi. Siku yako ikifika utakula kiti?"

Nilimwambia mtoto lazima kwanza azaliwe. Alibeba ndizi zake akatoka nje.

Hivyo ndivyo nilivyochagua. Kila Jumamosi nilisimama mlangoni nikayakata maganda ya njahi zangu moja moja, mikono ikinuka ubichi, nikiyaweka kwenye ungo ili hedimani ayakague. Memsabu hakukosea kuhusu jambo hilo: maua yalikuja mengi kuliko mwanzo. Mmea ukinyimwa kuzaa hujaribu tena na tena. Nilijua ninachokifanya na nilikifanya vizuri, na maganda hayo hedimani aliyabeba kwenye kofia yake, nadhani kwa ajili ya mbuzi.

Sasa nitasema jambo ambalo wanaosimulia miaka ile hawapendi kulisema. Jumapili zile nilizifurahia. Nilitoka asubuhi, jua likiwa bado pole, nikakaa kwenye kile kiti cha turubai, na mgongo wangu ambao ulikuwa umesahau kuegemea ukaegemea. Nyuki walijaa kwenye njahi. Mlima ulionekana wazi mpaka theluji. Mtoto alikuwa akigeuka tumboni polepole, naye ni kama amepata nafasi, na nilikuwa nikimwambia kimoyomoyo tulia, leo hakuna pa kwenda. Kuna Jumapili nililala usingizi hapo hapo, mdomo wazi, mchana kweupe. Tangu nilipoolewa sikuwa nimewahi kulala mchana. Nikiwa macho nilisikia sururu kwa mbali upande wa lango, nyingi, zikigonga mawe kwa pamoja, na nilizisikia kama mtu anavyosikia mvua akiwa ndani.

Wageni waliletwa mara mbili. Walikuwa wazungu kutoka Nairobi, na mmoja alikuwa na kamera. Walinusa njahi. Mwanamke mmoja alichuma shada akalichomeka kwenye kofia, akaniuliza kupitia hedimani kama nina furaha. Nikasema ndiyo. Akaandika kwenye kitabu. Nikamtazama yule mwanamke akitembea na chakula changu kichwani, nikatabasamu kwa sababu mwenye kamera alikuwa ameniashiria nitabasamu. Picha hiyo sijawahi kuiona na naomba nisiione.

Ilikuwa Jumapili ya pili au ya tatu ndipo nilipoelewa habari ya vijiti vya handakini. Kila asubuhi askari walipima handaki kwa mti mrefu na kuchomeka vijiti, na kila mlango ulipewa kipande chake. Kazi iligawanywa kwa milango. Idadi ya watu waliofika haikubadilisha kitu. Mama mkwe alikuwa amesamehewa kwa uzee, kwa hiyo kipande cha mlango wetu kilikuwa changu peke yangu, na nilipobaki nyumbani hakuna aliyeking'oa kijiti chake. Kipande kilikuwa palepale kikingoja, na kijiji hakikuruhusiwa kurudi kula mpaka vipande vyote viishe. Kilichofuata kipande chetu kilikuwa cha yule mjane wa ukuta kwa ukuta, naye ndiye aliyelazimika kukimaliza changu.

Nilimwona jioni ile akirudi mwisho wa wote, anatembea kwa kushikilia kiuno, viganja amevifunga kwa matambara. Mjane huyu tulikuwa tukigawana moto. Usiku wa siku ile mimba ya kwanza ilipotoka ndiye aliyenifulia nguo. Alipita mbele ya kiti changu na mbele ya maua yangu.

"Umeshinda salama?" aliniuliza.

"Salama, mama," nikajibu. "Na wewe?"

"Tumeshinda."

Akaingia kwake. Nami Jumapili iliyofuata nilijua, na nilikaa. Na iliyofuata nayo nilikaa. Nilijiambia ni kwa ajili ya mtoto. Nilijiambia mkosaji ni hedimani, ni memsabu, ni serikali nzima na bunduki zake, na yote hayo yalikuwa kweli. Lakini mgongo ulioegemea turubai ulikuwa wangu. Wanawake walianza kupita mlangoni petu kwenda mtoni bila kugeuza shingo. Walionyamaza walikuwa nafuu. Mmoja aliinama kwa heshima kubwa akanisalimu, "Memsabu hajambo?" na wenzake hawakucheka.

Nilijifungua mwezi wa tatu, Jumatatu, kabla ya mchana, mtoto wa kike mzima, mzito, mwenye sauti. Mama mkwe alimpokea kwa mikono yake. Kwa dakika chache nilikuwa mwanamke aliyeshinda. Nilikuwa nimemfikisha. Mwili mdogo wenye moto ulikuwa kifuani pangu, na wote walionidharau niliwadharau maradufu.

Kisha maziwa hayakuja. Mtoto alivuta, akaacha, akalia, akavuta tena. Siku ya kwanza mama mkwe alisema ni kawaida. Siku ya pili alinipikia uji mwepesi wa unga uliobaki, akaenda kukagua njahi mlangoni, akapapasa majani juu hadi chini, akarudi mikono mitupu. Zilikuwa zimejaa maua. Hakukuwa na ganda hata moja lenye punje. Siku mbili hizo hakuna mwanamke aliyeingia. Hapakuwa na kuni wala kibakuli, hata wa kusimama mlangoni kuuliza ni mvulana au msichana. Nilisikia miguu yao ikipita kwenda mtoni na kurudi, na mtoto analia, na walimsikia. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kona na uso wake umenigeukia, na niliona wazi kwamba anamwonea mtoto huruma na mimi ananichukia. Nilimwelewa.

Siku ya tatu kilio cha mtoto kilianza kupungua. Aliyewahi kusikia kilio cha namna hiyo kikipungua anajua kwamba si nafuu. Nilikuwa nimemlaza kwenye mapaja, siwezi kumtazama wala kuacha kumtazama, mlango uliposukumwa akaingia yule mjane. Alikuwa na chungu kidogo amekishika kwa matambara yake yale yale. Harufu ilifika kabla yake. Zilikuwa njahi, zimepondwa na ndizi.

Mama mkwe aliinuka. "Umezipata wapi wewe?"

"Zilikuwa mbegu zangu."

"Na mvua hii utapanda nini?"

"Sijui," alisema mjane.

Akaweka chungu mbele yangu, akamchukua mtoto, akamfunua uso akamtazama kwa muda. Mjane alikuwa mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Nilianza kumwambia kuhusu vijiti, kwamba mwanzoni sikujua, kwamba nilitaka kumwambia hedimani, maneno yale yote ya mtu aliyekamatwa.

"Sikuja kwa ajili yako," alinikatiza, bila ukali. "Kula, mtoto anyonye."

Nikala. Nilikula kwa mkono, kwa haraka, bila adabu, na yeye akakaa chini mbele yangu na mwanangu mapajani akinitazama, kuhakikisha namaliza. Nilitaka kumwomba radhi, lakini mdomo ulikuwa umejaa.